Mwaka wenye tarakimu mbili: 48 ni 1948 au 2048?

Swali: «Nafanya kazi kwenye biro ya COOPEC (ushirika wa akiba na mikopo) moja hapa Bukavu, iliyoanza mwaka 1994. Wanachama waliandikwa kwanza kwenye vitabu, kisha kwenye Excel, na mwezi uliopita tukahamishia kila kitu kwenye hifadhidata ya MySQL 8. Tarehe zote zilikuwa jj/mm/aa, yaani siku/mwezi/mwaka, tarakimu mbilimbili. Sasa mfumo unaonyesha wanachama ambao hawajazaliwa bado, na wazee wenye wajukuu wanaonekana wana miaka kumi na mitano. Kwenye grupu la WhatsApp mmoja ameniambia nijumlishe 1900 kwa kila mwaka. Mwingine anasema niweke mpaka wa 30 kwenye mipangilio ya MySQL. Nimfuate nani?»

Jibu: Ndugu, usimfuate yeyote kati ya hao wawili, na kwa sasa usiandike UPDATE (amri ya kubadilisha data) hata moja kwenye jedwali la wanachama. Karne iliyopotea kwako inaweza kupatikana karibu yote, kwa sababu kila mwanachama ana tarehe ya pili inayomlinda: siku aliyojiunga. Mtu hawezi kujiunga kabla ya kuzaliwa. Kutoka hapo hesabu fupi inatosha, nami nitaiandika yote hapa chini. Ila kwanza tujue karne ilipotelea wapi, maana dawa inategemea mahali hapo.

Nianze na ushauri uliopewa, kwa kuwa wengi wataupata huohuo. Kujumlisha 1900 kwa wote kutamgeuza mtoto aliyefunguliwa akaunti na mama yake, kazaliwa 2009, kuwa mzee wa 1909. Huo mpaka wa 30 nao si wa MySQL. Ni desturi ya Excel, ambayo kwa kawaida husoma 00 hadi 29 kama 2000 hadi 2029, na 30 hadi 99 kama 1930 hadi 1999. MySQL ina mpaka wake uliojengwa ndani, na hakuna mpangilio wa kuusogeza: 00 hadi 69 ni 2000 hadi 2069, 70 hadi 99 ni 1970 hadi 1999. Katika mifumo mingine ya hifadhidata, mpangilio wa kusogeza mpaka upo kwenye SQL Server, ambako kwa kawaida umewekwa 2049. Oracle ikitumia umbo la RR hukata kwenye 50, lakini ikitumia YY huchukua karne ya leo moja kwa moja. PostgreSQL inakubaliana na MySQL. Lugha ya programu Python, ukiiambia isome %y (mwaka wa tarakimu mbili), hukata kwenye 69: kwake 69 ni 1969, wakati kwa MySQL 69 ni 2069. SQLite haikisii kabisa. Ukiipa mwaka wa tarakimu mbili, kazi yake ya tarehe inarudisha NULL, yaani patupu. Kwa hiyo faili moja lililopita kwenye Excel, kisha kwenye kijiprogramu cha Python, kisha kwenye MySQL, limeamuliwa na mahakimu watatu wasiokubaliana.

Kuna mahali patatu pa kuchunguza.

Pa kwanza ni Excel yenyewe, na hapa unaweza kupata habari njema. Seli ya Excel inaweza kuonyesha 12/03/48 huku ndani ikiwa na 1948 kamili, kwa sababu umbo la kuonyesha na thamani iliyohifadhiwa ni vitu viwili. Ukihifadhi faili kama CSV (maandishi matupu yenye alama kati ya safuwima), Excel inaandika kile kinachoonekana. Karne iliyokuwa salama ndani inaachwa nyuma, na MySQL inapokea 48 tupu na kuifanya 2048. Fungua faili la mwanzo, si CSV. Chagua safuwima ya tarehe, nenda kwenye umbo la seli, andika aaaa-mm-jj ikiwa Excel yako ni ya Kifaransa. Seli zikigeuka na kuonyesha mwaka wa tarakimu nne, nusu ya kazi imekwisha. Seli ambazo hazikubadilika ni maandishi, si tarehe. Mara nyingi zinajipanga kushoto mwa seli wakati tarehe halisi zinajipanga kulia.

Usiiamini Excel moja kwa moja, hata hivyo. Aliyeandika 12/03/28 kwa ajili ya mzee wa 1928 amepewa 2028 na Excel bila kuulizwa. Na kwa kuwa mpaka wa Excel unafuata mipangilio ya Windows, mashine mbili za biro moja zinaweza kuwa zilisoma tarehe ileile kwa karne mbili. Miaka ya tarakimu nne inayotoka Excel ni ushahidi mzuri; bado itapita kwenye hesabu ya chini kama mingine.

Mahali pa pili ni pabaya zaidi, na dalili zako zinanifanya nipashuku. MySQL ikipewa maandishi ya tarehe bila kuelezwa umbo lake, inatarajia mwaka uje mwanzo. Alama ya mkwaju haiizuii. Basi 05/08/17, ambayo kwako ni tarehe 5 Agosti, kwake ni mwaka 2005, mwezi wa 8, siku ya 17. Siku imekuwa mwaka na mwaka umekuwa siku! Tarehe inayotoka ni halali kabisa, hakuna kosa linaloonyeshwa, na mzee aliyezaliwa tarehe 10 ya mwezi wowote anakuwa kijana wa 2010. Hao ndio wazee wako wenye umri wa wanafunzi. Ambao mwaka wao ni 32 na kuendelea hawawezi kusomeka hivyo, kwa kuwa hakuna siku ya 48 katika mwezi. MySQL katika hali kali (strict mode) inakataa mstari huo, lakini ukipakia kwa LOAD DATA LOCAL, amri ya kuingiza faili zima, kosa linapunguzwa kuwa onyo tu na tarehe inaingia kama 0000-00-00.

Pa tatu ni ule mpaka wa 70, unaofanya kazi pale mtu alipotumia STR_TO_DATE, amri inayoelezwa umbo la tarehe, na umbo '%d/%m/%y'. Hapa siku na mwezi ni sahihi, karne pekee ndiyo iliyoharibika.

Swali moja kwenye jedwali lako litakuonyesha upo wapi:

SELECT YEAR(tarehe_kuzaliwa) AS mwaka, COUNT(*) AS watu
FROM wanachama GROUP BY mwaka ORDER BY mwaka;

Ukiona miaka yote imejaa kati ya 2001 na 2031, na rundo kubwa kwenye 0 au NULL, siku imesomwa kama mwaka. Ukiona miaka kama 2045, 2058, 2066, ni mpaka wa 70. Ukiona yote mawili, basi watu wawili walipakia kwa njia mbili, nalo hutokea. Angalia pia kama kuna mlima tarehe 1 Januari, nitaurudia.

Vyovyote ilivyo, usitengeneze juu ya kilichoharibika. Toa nakala ya hifadhidata nzima kwa mysqldump, iweke pia kwenye diski ya nje, kisha rudi kwenye chanzo na upakie upya katika jedwali la pembeni ambamo tarehe zote ni maandishi:

CREATE TABLE ghafi (
namba INT, jina VARCHAR(120), mahali VARCHAR(80),
kuzaliwa_asili VARCHAR(30), kujiunga_asili VARCHAR(30));

LOAD DATA LOCAL INFILE 'wanachama.csv' INTO TABLE ghafi
CHARACTER SET utf8mb4 FIELDS TERMINATED BY ';' IGNORE 1 LINES;

Nimeweka nukta-mkato kwa sababu Excel ya Kifaransa hutenganisha CSV kwa alama hiyo. Baada ya kupakia andika SHOW WARNINGS. Na usome kila mstari. Safuwima hizo mbili za asili hazifutwi kamwe, hata kazi ikiisha. Siku mwanachama atakapokuja gishe (dirisha la kuhudumia) kulalamika, ndizo zitakazoonyesha kilichokuwa kwenye kitabu.

Sasa jua ni maumbo mangapi unayo. Badilisha kila tarakimu kuwa 9 kisha uhesabu:

SELECT REGEXP_REPLACE(kuzaliwa_asili, '[0-9]', '9') AS umbo, COUNT(*) AS idadi
FROM ghafi GROUP BY umbo ORDER BY idadi DESC;

Utaona 99/99/99 juu kabisa, na chini yake vitu ambavyo hakuna aliyekuambia: 9/9/99, 99-99-99, 99.99.99, 9999 peke yake, «vers 9999» (yaani «yapata mwaka»), mahali patupu, na maumbo yenye herufi O mahali pa sifuri. Hii ni amri ninayoipenda kuliko zote katika kazi hii, kwa kuwa inakupa ramani ya taabu yako yote kwa ukurasa mmoja. Umbo lenye mistari mitatu tu usiliandikie amri, lirekebishe kwa mkono. Yaliyo mengi yalete kwenye umbo moja la 99/99/99 katika safuwima mpya, kuzaliwa_safi na kujiunga_safi, za nakala ya jedwali hilo iitwayo ghafi2 (humo weka pia safuwima kujiunga, kuzaliwa, mwaka na mashaka, zitajazwa baadaye), ukiongeza sifuri ya mbele pale siku au mwezi ulipoandikwa kwa tarakimu moja. Yale yaliyo na mwaka wa tarakimu nne tayari, 99/99/9999 au 9999-99-99, yaache kando: hayo hayahitaji kukisiwa, yanahitaji tu kukaguliwa kwa hesabu ya chini.

Tarehe ya kujiunga ndiyo inayotengenezwa kwanza. Ni rahisi: COOPEC yenu ilianza 1994, kwa hiyo mtu hakuweza kujiunga kabla ya hapo, wala hawezi kuwa amejiunga kesho. Kati ya mipaka hiyo miwili hakuna miaka mia, basi tarakimu mbili zinatosha kabisa. Mwaka unaotafutwa ni ule wa karibuni zaidi wenye tarakimu hizo usiozidi mwaka wa leo:

YEAR(CURDATE()) - MOD(YEAR(CURDATE()) - RIGHT(kujiunga_safi, 2), 100)

97 inatoa 1997, 06 inatoa 2006. Ikitoka 1947, si suala la karne tena. Mtu aliandika vibaya, na mstari huo unaenda kwenye orodha ya kukaguliwa. Kisha panga wanachama kwa namba zao na uangalie tarehe zinavyoshuka. Namba hutolewa kwa mfuatano, kwa hiyo mwenye namba 412 akiwa na 2009 katikati ya wenzake wa 1999, kuna tarakimu iliyoandikwa au kusomwa vibaya kutoka kitabuni. Usiruke hatua hii. Tarehe ya kujiunga ikiwa na kosa, tarehe ya kuzaliwa itarithi kosa hilo. Asiye na tarehe ya kujiunga kabisa, mpe tarehe ya amana yake ya kwanza.

Sasa tarehe ya kuzaliwa. Hesabu ni ileile, ila mahali pa mwaka wa leo weka mwaka ambao mtu huyo mwenyewe alijiunga:

SELECT namba, kuzaliwa_safi, kujiunga,
YEAR(kujiunga) - MOD(YEAR(kujiunga) - RIGHT(kuzaliwa_safi, 2), 100) AS mwaka
FROM ghafi2;

Aliyejiunga 2008 akiwa na 48: 2008 toa 48 ni 1960, baki ya kugawa kwa 100 ni 60, na 2008 toa 60 ni 1948. Aliyejiunga 2008 akiwa na 03: baki ni 5, mwaka ni 2003, mtoto wa miaka mitano. Aliyejiunga 1997 akiwa na 28: baki ni 69, mwaka ni 1928. Hakuna mpaka wa 30, wa 50 wala wa 70 hapa. Kila mstari una mpaka wake, na mpaka huo hautachakaa mwaka 2030 ukifika.

Kwa nini inaaminika? Angalia ni lini majibu mawili, la 1900 na la 2000, yote yanaweza kupita. Ni pale tu ambapo 2000 na tarakimu hizo haizidi mwaka wa kujiunga. Katika hali hiyo jibu la pili liko miaka mia nyuma, maana yake mtu huyo angekuwa amejiunga akiwa na umri wa miaka mia au zaidi. Basi kila aliyejiunga kabla ya kutimiza miaka mia anapata mwaka mmoja tu unaowezekana. Utata unabaki kati ya mtoto mchanga na mzee wa karne, na hao wawili biro yako inaweza kuwatofautisha bila kompyuta.

Kabla ya kuandika chochote toa orodha ya watu wa mashaka. Umri wa siku ya kujiunga ni YEAR(kujiunga) kutoa mwaka uliopatikana. Weka kwenye orodha (mashaka = 1, wengine wote 0) kila mwenye umri chini ya 18 ambaye akaunti yake si ya mtoto, na kila mwenye zaidi ya 90. Mwenye 99 mara nyingi si mzee. Ni mtu ambaye tarakimu zake zinamfanya azaliwe mwaka mmoja baada ya kujiunga, kwa hiyo hesabu imemrudisha karne nzima nyuma. Mwenye 17 anaweza kuwa mwanafunzi wa kweli. Amri haitajua, wewe utajua.

Kwa orodha hiyo tumia ushahidi mwingine ulio kwenye mstari uleule. Mahali pa kuzaliwa panasaidia sana katika nchi yetu iliyobadilisha majina. Aliyeandikiwa Élisabethville au Stanleyville ana karatasi za kabla ya 1966, mwaka ambao miji hiyo ilikuwa Lubumbashi na Kisangani. Costermansville ni jina la Bukavu la enzi ya ukoloni. Shaba kama jina la jimbo inatuweka kati ya 1971 na 1997. Haut-Katanga kama jimbo ilianza kufanya kazi 2015, lakini hapa uwe mwangalifu: jina la zamani linathibitisha uzamani, jina jipya halithibitishi upya. Mzee wa 1931 aliyepewa karte ya uchaguzi juzi ataandikiwa Lubumbashi, wala hakuna kosa. Kivu bila Kaskazini wala Kusini ni ushahidi dhaifu. Jimbo liligawanywa 1988, ila watu wanaendelea kuandika hivyo hadi leo.

Tarehe 29/02 haitakusaidia kama wengi wanavyodhani. Miaka mirefu hurudi kila minne, na mia inagawanyika kwa nne, kwa hiyo 1948 na 2048 yote ni mirefu. Isipokuwa mmoja: 29/02/00 lazima iwe 2000, kwa sababu 1900 haukuwa mwaka mrefu.

Hapo ndipo uandike. Jenga tarehe kwa umbo ambalo MySQL haiwezi kulikosea, mwaka mwanzo na tarakimu nne:

UPDATE ghafi2 SET kuzaliwa = CONCAT(mwaka, '-', MID(kuzaliwa_safi, 4, 2), '-', LEFT(kuzaliwa_safi, 2))
WHERE mashaka = 0;

Kabla ya UPDATE hiyo endesha SELECT yenye CONCAT ileile na usome mistari mia moja hivi kwa macho, si mitano. Katika hali kali MySQL itasimama ikikutana na 31/04 au mwezi wa 13. Usiizime hali kali ili ipite! Hizo ni tarehe ambazo siku na mwezi vimegeuzwa, au karani aliandika siku isiyokuwepo, na ukizima ukali zitaingia kama sifuri. Ongeza safuwima moja ya herufi chache inayosema mwaka ulipatikanaje: «nne» kwa uliotoka na tarakimu nne, «hesabu» kwa uliotoka kwenye kanuni hii, «karatasi» kwa uliothibitishwa na mtu. Safuwima hiyo haigharimu kitu, na baada ya miaka mitatu mkaguzi akiuliza utakuwa na jibu.

Ule mlima wa 1 Januari sasa. Wazee wetu wengi wanajua mwaka tu, na makarani huandika 01/01 ili fomu ikubali. Kama kitabu kinasema «vers 1948», usimpe mtu huyo siku ya kuzaliwa ambayo hana. Weka mwaka_kuzaliwa kama SMALLINT (namba nzima ndogo) kwa kila mtu, na kuzaliwa kama DATE inayoruhusiwa kuwa NULL. Umri kwa ajili ya mkopo unapatikana kwenye mwaka. Siku kamili inatumika pale tu ilipo. Aina ya YEAR ya MySQL nayo ingefaa, inaanza 1901 na kuishia 2155, lakini SMALLINT inahamishika kwenda mfumo wowote bila maswali.

Mikopo inahitaji hesabu iliyogeuzwa, na usipoigeuza utaharibu pesa. Tarehe ya mwisho ya kulipa iko mbele ya tarehe ya kutoa, kwa hiyo unatafuta mwaka wa karibu zaidi usiopungua mwaka wa kutoa:

YEAR(kutolewa) + MOD(RIGHT(mwisho_safi, 2) - YEAR(kutolewa) + 10000, 100)

Ile 10000 ina kazi. Bila hiyo namba ya ndani ni hasi, na MOD ya MySQL kwa namba hasi inatoa baki hasi: mkopo wa 2024 unaoisha 30 ungekuwa umeisha 1930.

Kuhusu aina ya safuwima: tumia DATE kwa kuzaliwa, kujiunga na mwisho wa mkopo. Usitumie TIMESTAMP. Inaanza 1970, kwa hiyo mzee wa 1948 haingii, na inaishia tarehe 19 Januari 2038, ambayo mkopo mrefu wa nyumba unaweza kuifikia kabla hamjabadilisha mfumo. Tena TIMESTAMP inafuata saa za eneo. Bukavu, Goma na Lubumbashi wako saa mbili mbele ya UTC, Kinshasa saa moja. Saa sita ya usiku iliyoandikwa kwa saa ya Bukavu, mashine iliyowekwa saa ya Kinshasa ikiisoma inaona saa tano ya usiku wa jana, na mtu amezaliwa siku moja mapema. DATE haina saa, kwa hiyo haina ugonjwa huo.

Ukishahamisha kwenye jedwali la kweli, funga mlango. Kwenye MySQL sharti la CHECK linaheshimiwa kuanzia toleo 8.0.16, kabla ya hapo lilikubaliwa na kupuuzwa kimya kimya, kwa hiyo angalia toleo lako kwa SELECT VERSION(), kwanza.

ALTER TABLE wanachama
ADD CHECK (kuzaliwa <= kujiunga),
ADD CHECK (kujiunga >= '1994-01-01');

CURDATE() hairuhusiwi ndani ya CHECK, kwa hiyo kukataa tarehe za kesho kunafanywa na programu ya gishe au na kichochezi (trigger) cha jedwali. Kwenye fomu, sehemu ya mwaka idai tarakimu nne na ikatae mbili, isijazie yenyewe. Karani atalalamika wiki ya kwanza kwamba anabonyeza mara mbili zaidi. Avumilie. Fomu inayojaza 19 au 20 kwa niaba yake ndiyo itakayowarudisha mlikotoka.

Ripoti zinazotoka kwenda Excel zitoke kama 1948-03-12. Na anayezipokea asibofye CSV mara mbili, kwa kuwa Excel itazisoma upya na kuzionyesha kwa umbo la mashine yake. Akihifadhi tena, karne inaweza kupotea mara ya pili. Afungue Excel kwanza, apite kwenye menyu ya Données (Data) kuingiza faili la maandishi, na aitaje safuwima ya tarehe kuwa maandishi.

Mwisho, lile grupu. Waliokujibu hawakuwa na nia mbaya, ila walijibu bila kujua mfumo, toleo, aina ya safuwima wala umbo la data, nawe hukuwapa. Ukirudi huko na mstari uliogoma, peleka vitu hivi kwa maandishi, si kwa picha ya skrini: picha inakula mega za watu na hakuna anayeweza kunakili amri kutoka kwayo. Toleo kutoka SELECT VERSION();. Muundo wote kutoka SHOW CREATE TABLE. Mistari mitano ya data kama ilivyo kwenye chanzo, yenye majina ya kubuni, bila salio na bila namba za simu; hizo ni siri za wanachama na grupu lina watu mia mbili. Amri uliyoendesha, neno kwa neno. Kilichotoka, kilichotarajiwa kutoka, na maandishi ya SHOW WARNINGS.

Na wewe ukiwa ndiye unayejibu, taja mfumo na toleo ambalo jibu lako linahusu, toa SELECT kabla ya UPDATE ili mwenzako aone kitakachobadilika kabla hakijabadilika, na sema wazi jibu lako linaharibu nini likitumiwa mahali pasipo pake. «Jumlisha 1900» lingekuwa jibu sahihi kwa jedwali la watu waliozaliwa wote kabla ya 2000. Lilikosa sentensi hiyo moja tu.